Mwasumini wa Idd: hesabu zianze Shaabani

Siku ya kuamkia Idd, alasiri, nyumba za Kizimkazi zina harufu zake. Jikoni kuna visheti, chumbani udi unafukizwa chini ya nguo za sikukuu, na uani, kama nyumba ina bahati, vitumba vyeupe vya asumini vinasubiri magharibi vifunguke.

Nyumba isiyo na bahati humtuma mtoto kwa jirani na kisahani. Mtoto hurudi na vitumba saba, na salamu kwamba mwaka huu mti umegoma.

Mti haukugoma. Mwasumini hautoi maua kwa kuwa mwezi umeandama. Hutoa maua kwenye machipukizi mapya, na machipukizi mapya huletwa na joto, jua, maji na mkasi. Mzazi anayetaka vikuba vya Idd vitoke uani kwake, si kwa muuzaji, ana kazi ndogo ya kufanya wiki sita hadi nane kabla ya sikukuu. Anayekumbuka wiki moja kabla amechelewa, hata akiumwagia mti ndoo nzima ya samadi.

Kwa kalenda inayotumika visiwani, hesabu yake si ngumu. Kwa Idd el Fitri, mkasi uingie kati ya mwanzo wa Shaabani na katikati yake, siku zile ambazo watu wanaanza kuisafisha nyumba kwa kuukaribisha Ramadhani. Kwa Idd el Hajj, inayoangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu, pogoa baada ya kumaliza kufunga sita, yaani kuanzia katikati ya Mfunguo Mosi hadi mwisho wake. Maua ya Idd ya kwanza yatakuwa yamepukutika wakati huo, kwa hiyo mti mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kuihudumia nyumba kwa sikukuu zote mbili.

Majira nayo yaingizwe kwenye hesabu. Idd ikiangukia kaskazi, jua likiwa kali, wiki sita zinatosha ilimradi maji yapo. Ikiangukia masika yenye mawingu au kipupwe, machipukizi huenda pole pole, na ni salama zaidi kupogoa mapema, wiki nane au hata siku kadhaa zaidi.

Mimea inayoshika tarehe

Ipo mimea ambayo haingoji mkasi. Maarufu zaidi ni mpungate wa Krismasi, ua la ndani linalopendwa sana Ulaya na Marekani. Hauna majani ya kawaida. Una pingili bapa za kijani zilizoungana kama mnyororo, na maua mekundu au ya waridi hutoka kwenye ncha. Mmea huu huhesabu urefu wa usiku. Usiku ukirefuka na kupoa, hujua wakati wake umefika. Katika nchi za kaskazini hali hiyo huanza kwenye miezi ya Oktoba na Novemba, ndipo maua yakawahi Krismasi. Kwao hasa ni milima ya pwani ya Brazili, kusini mwa ikweta, na huko watu huliita ua la Mei, kwa sababu ndipo linapochanua.

Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wa Desemba na mchana wa Juni haifiki saa moja, na usiku wa kipupwe bado una joto. Mpungate huo ukiwekwa kwenye baraza ya Kizimkazi unaweza kukaa kijani miaka mingi bila ua, na wala hauumwi. Anayetaka kuubembeleza aufunike kwa boksi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kila siku kwa wiki sita hadi nane, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, na apunguze maji. Kuuzalisha ni rahisi kuliko kuuchanuisha: nyonga pingili mbili au tatu, ziache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha zichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo.

Lakini kwa mzazi mwenye watoto wa skuli na chuo, kufunika na kufunua boksi kila siku kwa karibu miezi miwili ni adhabu. Tena Idd haikai mahali pamoja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo sikukuu huzunguka majira yote. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2033 utakuwa na Idd el Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine siku chache kabla ya Krismasi. Mmea unaoshika tarehe ya jua hauwezi kuifuata sikukuu ya namna hiyo. Mwasumini unaweza, kwa sababu haujali tarehe yoyote.

Namna ya kupogoa

Wengi huogopa kukata, hasa mti wenyewe ukiwa wa bibi. Hofu hiyo ndiyo inayoufanya mwasumini uwe mrefu, mwembamba, wenye majani mengi juu na miti mitupu chini, na ua moja moja mahali pasipofikika bila ngazi.

Anza kwa kuondoa matawi makavu, yaliyovunjika na yale yanayosuguana. Kisha punguza matawi yaliyobaki, theluthi moja hadi nusu ya urefu wake, ukikata juu kidogo ya fundo, pale majani mawili yanapokabiliana. Kila fundo chini ya kidonda litatoa machipukizi mawili, na kila chipukizi litabeba vitumba kwenye ncha. Ndiyo maana mti uliokatwa huzaa zaidi ya ulioachwa. Tumia mkasi au kisu kikali kilichosafishwa. Panga butu huuponda mti ukabaki na kidonda kisichopona.

Baada ya kupogoa, weka samadi iliyooza au mboji kuzunguka shina, usiigusishe na shina lenyewe, na umwagilie mpaka maji yatoke chini ya chombo. Jua ndilo lisiloweza kulipwa kwa kitu kingine. Mwasumini unahitaji saa tano au sita za jua kila siku. Ukiwekwa sebuleni kwa mapambo utaishi, lakini hautachanua. Mahali pake ni ukumbi ulio wazi, pembe ya ua au ngazi za mlangoni.

Kizimkazi ina tabu zake. Dimbani na Mkunguni zote zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, udongo ni mchache na una chokaa nyingi. Kwenye udongo kama huo mwasumini hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu huona manjano akadhani ni kiu, akaongeza maji, na hali ikazidi. Tiba iliyo rahisi ni kuachana na ardhi na kupanda kwenye chombo: ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa matundu manne au matano chini inatosha kabisa. Changanya udongo mwekundu au mweusi wa shamba, mchanga wa nchi kavu na samadi iliyooza, sehemu sawa kwa sawa. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa husaidia kushika unyevu, ila yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaoshwe mara kadhaa kwa maji baridi ya kunywa, la sivyo umeupandia mti wako baharini.

Chumvi hiyo hiyo huja kwa njia ya kisima kilicho karibu na ufuo, na kwa upepo wa kusi. Dalili yake ni ncha za majani kuungua na kuwa kahawia. Maji ya mvua ndiyo bora kwa mti huu, na baada ya siku za upepo mkali, kuyasuuza majani ni kazi ambayo mtoto wa miaka sita ataigombania.

Kabla fundi hajaja

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwasumini wa kwetu kwa kawaida hauzai mbegu. Maua hupukutika na hadithi inaishia hapo. Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini; Waarabu huliita ua lake fulu, Wafilipino wamelifanya ua la taifa tangu 1934, na wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Kwa kuwa hauzai mbegu, mwasumini unaouona uani umetoka kwenye tawi la mwasumini mwingine, nao huo kwa mwingine, mkono kwa mkono, mpaka kuvuka bahari ya Hindi. Hakuna uliofika Kizimkazi kwa kuletwa na ndege wa angani. Kuna mtu alikata tawi, akalifunga kitambaa kibichi na kumpa mtu mwingine.

Hilo linabeba uzito mkubwa sasa kwa sababu Kizimkazi inajengwa. Nyumba ya mawe na chokaa inabomolewa ili matofali yapate nafasi, ua unapunguzwa ili chumba kiongezwe, na cha kwanza kung'olewa ni mti ulioegemea ukuta. Mwasumini uliopandwa na bibi siku aliyoolewa, uliotoa maua ya harusi za binti zake watatu, unaweza kuondoka asubuhi moja kwa sululu, wenye nyumba wakiwa wameenda kazini. Mti ule ule haununuliki tena. Utanunua mwasumini, lakini si ule.

Kwa mti mkongwe kama huo, njia ya uhakika ni kulaza tawi. Chagua tawi refu la chini lililokomaa kiasi, linalopindika bila kukatika. Likwangue ganda kidogo upande wa chini, karibu na fundo, kiasi cha urefu wa ukucha. Lilaze ndani ya kopo la udongo lililokaa chini ya mti, lifukie pale palipokwanguliwa, weka jiwe juu na uache ncha ikitazama juu. Endelea kumwagilia. Tawi linaendelea kulishwa na mama yake huku likiota mizizi yake, kwa hiyo hata mtu msahaulifu hulipata. Baada ya miezi miwili hivi livute taratibu. Likikataa kutoka, limeshika. Likate upande wa mama, na kopo lako lina mche wa bibi.

Muda ukiwa mfupi, fundi anakuja wiki ijayo, kata vipando. Tawi lisiwe laini sana wala gumu kama kuni: lile ambalo ganda lake limeanza kubadilika kutoka kijani kuwa kahawia. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, lenye mafundo matatu, ukikata chini kidogo ya fundo la mwisho. Ondoa majani ya chini na vitumba vyote, maana kipando chenye ua hutumia nguvu kwenye ua badala ya mizizi. Chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, mwagilia, kisha vifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Viweke kwenye kivuli chenye mwanga. Baada ya wiki nne hadi sita majani mapya yakitokea, anza kuvizoesha jua la asubuhi.

Usikate viwili. Kata kumi na mbili. Hata mkono uliozoea hupoteza baadhi, na vikipona vyote utakuwa na cha kumpelekea dada aliyeolewa Makunduchi na shangazi aliyehamia Mjini. Hiyo ndiyo bima: mti ukiwa kwenye nyumba tano, fundi mmoja hawezi kuumaliza. Masika na vuli ndizo nyakati nzuri zaidi kwa sababu hewa ina unyevu, lakini mwenye nyumba ya kubomolewa hangoji mvua.

Kisahani kilicho chini ya ndoo

Hapa ndipo ua la sikukuu linapogusana na afya ya mtoto. Chombo cha maua huwekewa kisahani ili sakafu isichafuke. Maji yanayotuama humo, hata kina cha kidole, yanamtosha mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Mbu huyu si yule wa malaria. Anapenda maji masafi yaliyo karibu na watu, anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na chandarua cha usiku hakimkingi mtoto anayecheza ukumbini saa 10 jioni. Tanzania imepata milipuko ya dengi ukiwemo wa mwaka 2014 na wa mwaka 2019, na jiji la Dar es Salaam ndilo lililoumia zaidi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hugandishwa kwenye ukingo wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji yarudi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi na sabuni mara moja kwa wiki, kwa sababu katika joto la Unguja safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku kama saba hadi kumi. Bora zaidi ni kukijaza mchanga, unyonye maji yote, au kukiondoa kabisa na kuinyanyua ndoo juu ya mawe mawili. Anayeotesha vipando kwenye glasi ya maji dirishani abadilishe maji hayo kila siku mbili tatu. Na pipa la maji ya mvua, lile la kumwagilia mwasumini, lifunikwe kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa mpira.

Mtoto akipata homa ya ghafla, kichwa kikamuuma, macho yakauma kwa nyuma na viungo vyote vikalalamika, apelekwe kituo cha afya akapimwe, malaria pamoja na dengi. Wakati mnajiandaa kwenda, dawa ya homa iwe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Mzazi asishushe pumzi mapema homa ikishuka. Kwa dengi, siku moja au mbili baada ya homa kushuka ndizo za kuangaliwa zaidi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, mtoto kulegea au kukosa utulivu: hapo hakuna kungoja asubuhi.

Suala la pili ni dawa za wadudu. Mwasumini hushambuliwa na vidukari, utitiri mwekundu na wale wadudu weupe wanaofanana na pamba. Povu la kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, likinyunyizwa chini ya majani wakati wa jioni na kurudiwa baada ya siku chache, huwatosha wengi wao. Dawa ya shamba isitumike kwenye ua ambalo mama atalivaa kwenye nywele huku akinyonyesha, wala kwenye vitumba ambavyo wengine hudondosha kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Isiletwe nyumbani kwenye chupa ya soda, hata kidogo, hata kwa siku moja. Mtoto hasomi lebo, na chupa ya soda haina lebo ya sumu.

Mwasumini wenyewe hauna sumu kwa mtoto aliyetafuna ua moja. Majirani zake wa bustanini ndio wa kutazamwa. Oleanda, ule mti wa mapambo wenye majani marefu membamba na maua meupe au ya waridi, una sumu ya moyo katika kila sehemu yake, na waridi la jangwani lenye shina nene lililovimba ni jamaa yake. Hiyo isipandwe pale watoto wanapochezea. Na kwa mtoto mwenye pumu, harufu kali ya chumba kilichojaa asumini na udi kwa pamoja inaweza kumwanzishia shambulio. Vikuba vyake vitundikwe ukumbini.

Siku yenyewe ikifika, vitumba huchumwa alasiri vikiwa vimejaa na kuwa vyeupe kabisa, kabla havijafunguka. Vya kijani viachwe, ni vya kesho. Vidole vidogo ndivyo vinavyofaa kwa kazi hii, na mtoto aonyeshwe kushika kikonyo na si ua. Vitumba hufungwa kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, na nyumba yenye friji huviweka humo kwenye kopo lililofunikwa ili visifunguke vyote usiku. Baada ya isha sindano na uzi hutolewa, watu wazima watunge na watoto wahesabu. Sindano ihesabiwe pia, kabla ya mkeka kukunjwa.